Zafarani Haioti Kiwandani

Kila Maulidi ikikaribia, masufuria makubwa yakianza kuazimwa nyumba kwa nyumba, lazima atokee mtu wa kuniuliza: "Dada, bei ya zafarani haishikiki. Mbona tusiipande wenyewe?" Simcheki, kwa sababu mimi niliipanda. Niliagiza matunguu kumi kutoka ng'ambo, kila moja ukubwa wa kitunguu thomu kidogo, nikayafukia kwenye chungu hapa kwetu Mkomani, Lamu, kiwandani. (Msomaji wa bara anisamehe: kiwanda kwa watu wa Lamu ni ule uwazi wa katikati ya nyumba ya mawe, panapoingia mwanga na upepo. Hapana mashine.) Majani yalitoka, membamba kama nyasi. Nikangoja ua. Masika yakaingia, majani yakalala, na nilipochokoa udongo kwa kijiko nikakuta matunguu mawili yaliyo hai, mengine yamekuwa tope lenye harufu ya kitunguu kilichosahauliwa kapuni.

Kwa hiyo ninayokuandikia hapa mengi ni ya jikoni: namna ya kuinunua zafarani usidanganywe, kuihifadhi isiliwe na hewa ya bahari, na kuitumia kidogo ikatosha. Mwishoni nitakuonyesha mmea mwingine wa ukoo huohuo wa airisi, ambao kiwandani kwako utachanua.

Kwanza ujue kwa nini yangu yalioza. Zafarani ni nyuzi tatu nyekundu zinazochomoza katikati ya ua dogo la zambarau. Ua hilo hutoka Oktoba na Novemba katika nchi zenye baridi yake, nalo huchumwa kwa mkono, alfajiri, kabla jua halijalifungua. Mmea hauna mbegu. Tunguu huzaa matunguu wenzake chini ya udongo, mtu huyafukua na kuyapanda upya, na kwa hiyo kila tunguu ni nakala ya lililotangulia. Wakati wa kiangazi kikavu hulala, kisha hungoja ubaridi: ua halichomozi vizuri mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 17. Hapa Lamu, hata Julai kusi inapovuma na wazee wakajifunika mashuka, usiku ni nadra kufika chini ya nyuzi 20. Tunguu letu hungoja baridi isiyokuja, na linapongoja, masika hulikuta na kulilowesha.

Utaniuliza habari ya friji. Ndiyo, wapo wanaoyalaza matunguu ndani ya vyumba vya baridi yakachanua. Lakini piga hesabu. Kilo moja ya zafarani kavu yataka maua 150,000 au zaidi. Kila ua lina nyuzi tatu, basi gramu moja ni nyuzi 450 hivi. Matunguu yako kumi yakichanua yote, tena maua mawili mawili, utapata nyuzi 60. Hizo zatosha biriani moja ya nyumbani. Umeme wa friji utakuwa umekula bei ya gramu nzima.

Kununua

Zamani majahazi ya Ghuba yalishuka Lamu na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, yakaondoka na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, hadi kuuza boriti nje kulipopigwa marufuku mwaka 1982. Siku hizi zafarani haingoji majahazi, huja na abiria. Anayerudi Umra huleta vichupa viwili vitatu, mwenye ndugu Dubai au Maskati hutumiwa, na inayobaki huuzwa madukani. Iliyo nyingi, popote utakapoinunua, asili yake ni Irani, kwani nchi hiyo peke yake hutoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za zafarani ya dunia. Iko pia ya Kashmiri, ya Hispania na ya Afghanistan.

Kwanza kabisa, nunua nyuzi, usinunue unga. Unga humeza kila kitu: manjano, rangi, hata vumbi la matofali. Uzi ni vigumu kuughushi ukautazama kwa makini. Utandaze juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga. Uzi wa kweli upande mmoja ni mwembamba na upande wa pili umepanuka, mdomo wake umechanikachanika kama tarumbeta ya kitoto iliyotafunwa. Nyuzi bandia, ziwe za ndevu za mahindi zilizotiwa rangi au za karatasi iliyokatwa, huwa nene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Majani ya maua ya kartamu, ambayo wengine huyauza kwa jina la zafarani, ni mepesi, na rangi yake ni ya machungwa.

Ukikuta nyuzi zenye mkia wa njano, usitukane muuzaji. Huo ni mguu wa uzi wenyewe. Ni zafarani halali, ila mkia hauna rangi wala harufu ya maana, na uzito wake unaulipia. Wairani wana majina ya madaraja. Iliyokatwa mkia ikabaki nyekundu tupu huiita sargol, na ile yenye nyuzi ndefu, nene, zisizo na njano, ni negin. Ukiona maneno hayo kwenye kichupa, jua yanaahidi nini, kisha fungua utazame kama ahadi imetimizwa.

Bana nyuzi chache ndani ya karatasi laini ya kupangusia mikono. Zikiacha doa la mafuta, zimepakwa mafuta ziongeze uzito. Onja uzi mmoja. Zafarani hunukia utamu, harufu ya asali na majani makavu, lakini ulimini ni chungu. Ikiwa tamu, imepitishwa kwenye sukari au asali.

Jaribio la maji ndilo ninaloliamini kuliko yote, nalo nililijua baada ya kulipia. Mwaka mmoja nilinunua kichupa kwa bei iliyonifurahisha, na kabla sijaondoka dukani muuzaji akaniambia, "Hii ni asli, mama, usiwe na shaka." Nyumbani nilidondosha nyuzi tano katika kikombe cha maji ya vuguvugu. Kabla sijageuka kuchukua kijiko, maji yalikuwa mekundu kama sharubati, na nyuzi zenyewe zimebaki nyeupe. Zafarani ya kweli haina haraka. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kisha uzi mwembamba wa njano hujitenga na kushuka chini, mfano wa moshi uliopinduliwa, na baada ya robo saa kikombe kizima ni rangi ya dhahabu ilhali nyuzi bado ni nyekundu. Zingine hutoa rangi hadi kesho yake. Muuzaji akikataa usijaribu uzi mmoja mbele yake, rudisha kichupa na mtakiane kheri.

Na ikiwa umeshanunua unga, au umeletewa zawadi ukaona haya kuuliza, kuna dawa katika sahani ya tambuu. Koroga unga kidogo na maji, tia chokaa ya tambuu kiasi cha ncha ya kisu. Ukigeuka mwekundu wa damu ya mzee, ulichonacho ni manjano. Zafarani hubaki njano.

Kuihifadhi

Nyumba zetu za Lamu hazina huruma na vitu vikavu. Chumvi hulia machozi ndani ya chombo chake, biskuti hulainika baina ya adhuhuri na alasiri. Zafarani ina maadui watatu, mwanga, unyevu na joto, na kidaka kizuri cha sebuleni kina wote watatu. Kile kichupa cha kioo tunachokipanga kidakani wageni wakione ni njia ya polepole ya kuichoma pesa.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na kikopo cha bati kilichokuwa cha dawa ya kifua, kifuniko chake lazima ukipige kwenye kizingiti ndipo kifunguke. Ndani yake zafarani imekunjwa kwenye karatasi, na kikopo chenyewe kimo ndani ya sanduku la nguo. Alikosea kitu kimoja tu: kanga zake zote zilinukia, basi harufu ilikuwa ikitoka. Wewe tumia chupa ndogo yenye kifuniko cha kuzungusha, ikaze, kisha itie ndani ya kopo lisilopenyeka mwanga na uiweke kabati la ndani, mbali na jiko. Friji siipendi kwa kitu cha kufungua mara kwa mara, kwa kuwa kila ukikitoa baridini katika hewa yetu hii, kinatoka jasho. Na usinunue ya miaka. Gramu mbili zitaipeleka nyumba ya watu sita Maulidi, Ramadhani na Idi, zikabaki.

Kuiamsha na kuipika

Kosa la kawaida ni kuzitupa nyuzi kavu sufuriani. Wali unaiva dakika ishirini na nyuzi hazijaamka. Utazikuta mdomoni zimelala kama vijiti, na rangi yote umeitafuna. Zisage kwanza. Kinu kidogo chatosha, au mgongo wa kijiko juu ya kisahani, pamoja na chembe za sukari za kusaidia kukwaruza. Tia vijiko viwili vya maji ya moto yaliyokwisha kutulia, yasiwe yanachemka, kwa sababu harufu yake huruka na mvuke. Unaweza kutumia maziwa ya vuguvugu au marashi ya mawaridi badala ya maji. Funika, uache nusu saa. Mimi huiloweka kabla ya kwenda kuoga.

Kwa biriani ya kilo moja ya mchele, nyuzi 40 hadi 50 zatosha. Hesabu mara ya kwanza, mkono ukishazoea huna haja. Wali ukiwa umeiva nusu na kumwagwa maji, unaupanga juu ya sosi na kuunyunyizia zafarani kwa kijiko, huku na huku, kisha unapalia makaa. Usikoroge. Uzuri wa biriani ni mchele mweupe na wa njano kukutana sahanini. Wale watiao rangi ya unga ya kopo siwagombezi, sote tumefanya siku ya arusi ya watu mia nne, lakini waiite rangi. Nimesikia mara nyingi, "Biriani yangu ina zafarani," na kumbe ni ile ya kopo, isiyo na harufu hata chembe.

Pilau haitaki zafarani. Rangi yake hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi hudhurungi, na bizari huifunika harufu nyingine zote. Kahawa tungu nayo iache na tangawizi yake. Mahali ambapo zafarani kidogo huonekana ni kwenye vitu vyeupe na vitulivu: maziwa ya moto yenye iliki, wali wa sukari, halua. Maziwa ya kikombe kimoja yataka nyuzi sita au saba, si zaidi. Ikizidi, chakula huwa na uchungu wa dawa, na hutaweza kuutoa.

Kuna kazi nyingine ya zafarani ambayo wapishi hawaitaji. Mwalimu akiandika kombe, huiandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa. Ukiombwa kuleta vifaa, peleka zafarani ileile unayoipikia, kwani itaingia tumboni mwa mtu, mara nyingi mtoto. Rangi ya kutilia ukili au nguo isikaribie sahani hiyo. Na marashi yawe ya mawaridi ya kunywa. Yale ya kujipaka yana spiriti. Homa ikipanda, kombe na hospitali haviwekeani miadi: nenda navyo vyote.

Jambo la tahadhari ni kiasi. Cha chakula hakidhuru, lakini zafarani ikinywewa kwa gramu nyingi ni sumu. Mja mzito asiifanye dawa, aile ndani ya chakula kama watu wengine.

Cha kupanda kiwandani

Sasa tumtulize aliyetaka kupanda. Ukoo wa airisi ni mkubwa, na si wote wanaotaka baridi. Mmoja wao ni wa Amerika ya joto, kutoka Meksiko hadi Brazili, jina lake la kitaalamu ni Neomarica gracilis. Lipeleke jina hilo kwa wauza miche wa Malindi au Mombasa. Nyumbani kwetu tunauita mtembezi, na sababu utaiona.

Majani yake husimama yamebanana kama kipepeo cha ukili kilichofunguliwa. Yana upana wa vidole viwili, ni kijani mwaka mzima, na mmea huishi miaka mingi. Katika nchi za Magharibi huuita mmea wa mitume, kwa imani kwamba hauchanui mpaka utimize majani 12, idadi ya wanafunzi wa Nabii Isa. Wangu hauhesabu vizuri, lakini ni kweli kwamba mche mchanga haukupi ua. Subira ya mwaka si ajabu.

Kiwanda cha nyumba ya mawe unakipenda kuliko shamba. Unataka mwanga wa asubuhi na kivuli cha mchana, na kuta zinaukinga na upepo wa chumvi. Usikisukume chungu hadi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mvua huiosha chokaa ikashuka kwenye udongo, na majani hupauka baina ya mishipa. Acha nafasi ya mkono mmoja.

Udongo ndio kazi. Mchanga wa pwani una chumvi, hata uonekane mweupe na safi namna gani. Mimi huchukua udongo mweusi wa shamba unaoletwa na mashua kutoka bara, mafungu mawili, mchanga wa ndani uliokwisha nyeshewa masika mazima, fungu moja, na samadi ya punda fungu moja. Samadi haina uhaba Lamu, iko mbele ya kila mlango. Lakini usiitie mbichi, itaunguza mizizi. Irundike pembeni, uinyunyizie maji, uigeuze kila wiki kwa miezi mitatu, hadi ukiishika mkononi isikumbushe punda. Hata hivyo nyasi zitaota, kwa sababu punda hamalizi kusaga mbegu. Zing'oe zikiwa changa.

Maji ya kisima cha mjini yana munyu. Utajua ukiona ukungu mweupe ukingoni mwa chungu na ncha za majani zikiwa kahawia. Kinga maji ya mvua, au tumia maji uliyooshea mchele kabla hujautia chumvi. Maji ya bomba yanayotoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela pia yanafaa, siku yanapotoka. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, umwagilie kila siku asubuhi. Masika yakianza Aprili, hakikisha tundu la chini halijaziba, na uinue chungu juu ya vijiwe vitatu. Konokono watakuja. Watafute usiku na tochi.

Ua lenyewe ni jeupe, na katikati limesimamisha vijani vya buluu na zambarau vilivyojikunja, vyenye michirizi ya kahawia kama maandishi. Hufunguka asubuhi. Ukipanga kuja kuliona baada ya alasiri utakuta linajisokota, na maghribi limekwisha. Mshipa mmoja, yaani shina la ua, hutoa maua kadhaa, siku hii na siku ile, kwa hiyo usiukate ua la kwanza linaponyauka.

Zaidi ya hayo, usiukate kwa sababu ya mtoto. Pale palipotoka ua hutokea kichipukizi chenye majani yake madogo. Kikikua huwa kizito, mshipa huinama siku hadi siku hadi kuigusa sakafu, na mmea hutafuta udongo wa kukaa. Ndiyo maana ya mtembezi. Sakafu yetu ni ya saruji, haukuti kitu, basi usaidie. Leta kopo lenye udongo uleule, ulaze ncha ya mshipa juu yake, ukandamize kwa jiwe dogo pale chini ya majani, na udongo uwe na unyevu. Baada ya wiki nne au tano vuta kidogo kwa vidole viwili. Ukikataa kung'oka, umeshika mizizi. Hapo ndipo unapoukata mshipa kwa mkasi, upande wa mama, na kopo unalipeleka kwa jirani aliyekuwa akiuliza habari ya zafarani.